Maswali ya wasomaji: barua ya mkubwa na kodi ya duane (forodha)

SWALI: Nauza vitenge na matandiko soko la Kenya hapa Lubumbashi, mzigo wangu unapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mwenzangu wa meza ya pili anauza chini ya bei ninayonunulia mimi. Anasema ana barua ya egzonerasioni (msamaha wa kodi) kutoka juu. Mtu aliyemtafutia barua hiyo ameniambia nitoe dola 900 kwa mzigo wa dola 10,000, nami nitapita bila kulipa. Barua hiyo ni halali?
Mama muuzaji, Lubumbashi

JIBU: Mama, usitoe hizo dola. Kwa mzigo kama wako barua hiyo si halali, hata sahihi na kashe (mihuri) zikiwa za kweli. Kifungu cha 174 cha Katiba ya Kongo (RDC) ya 2006 kinasema kodi haiwekwi ila kwa sheria, na msamaha wa kodi vilevile hautolewi ila kwa sheria. Waziri au gavana anatia sahihi kwenye msamaha ambao sheria imekwisha kuutaja. Hana ruhusa ya kuutunga. Basi mwulize huyo mtu: ni sheria gani, kifungu cha ngapi?

Mara nyingi wanataja Sheria ya Uwekezaji ya tarehe 21 Februari 2002, na hapo watu wengi wananaswa, maana sheria hiyo ipo kweli, na Lubumbashi imo katika eneo B ambako msamaha unadumu miaka 4. Lakini biashara ya kununua na kuuza imetengwa humo waziwazi. Inamlenga anayejenga kiwanda au kufungua shamba, kwa mtaji usiopungua dola 200,000 (kampuni ndogo na za kati zina kiwango chao cha chini zaidi). Faili inawekwa ANAPI, ofisi ya serikali ya kukuza uwekezaji, na mwishoni inatoka arete (amri ya maandishi) ya mawaziri wawili, wa Mipango na wa Fedha. Kinachosamehewa ni mashine, zana, na vipuri vya kwanza visivyozidi 10% ya thamani ya mashine hizo. Kitenge cha kuuza hakimo.

Arete ya kweli inataja kifungu cha sheria, jina la kampuni, orodha ya vitu na idadi yake, na muda wa msamaha. Barua ya mistari miwili inayoomba tu mhusika asaidiwe, bila orodha wala kifungu, haina nguvu yoyote ya kuondoa kodi.

Tufanye hesabu, tukichukua bidhaa ya kiwango cha 10% (ushuru wetu wa kuingiza una viwango vya 5, 10 na 20). Mzigo wa dola 10,000 unalipa ushuru wa dola 1,000, kisha TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% inapigwa juu ya 11,000, yaani dola 1,760. Jumla ni dola 2,760, bila gharama nyingine ndogo. Mwenye barua analipa 900 za mkononi, anabaki na 1,860. Hizo 1,860 ndizo zinazomwezesha jirani yako kushusha bei, na ndizo zinazokunyang'anya wateja. Hakukuzidi ujanja wa kununua. Leta (serikali) imekosa 2,760 zote, na wewe uliyelipa ndiye unayeadhibiwa.

Hatari yenyewe inakuja nyuma. DGDA, idara ya forodha, ina haki ya kukagua tena hata mzigo ukiwa umekwisha kuuzwa. Ikikuta msamaha hauna msingi, inamtafuta aliye kwenye deklarasioni (karatasi ya kutangaza mzigo), na jina hapo ni lako, si la aliyekuletea barua. Utalipa 2,760 pamoja na faini, na zile 900 hazina risiti. Tena sheria ya tarehe 29 Machi 2005 juu ya rushwa inamwadhibu anayetoa, anayepokea, na anayeuza ushawishi wa ndugu yake mkubwa.

Ukitaka kulalamika, usimtaje mtu usiye na ushahidi juu yake. Andikeni wauzaji kadhaa pamoja, kupitia vyama vya wafanyabiashara, FEC au COPEMECO, mkiomba DGDA ihakiki misamaha iliyotolewa kwa bidhaa ile na kwa miezi fulani. Nakala moja pelekeni IGF, wakaguzi wa fedha za serikali. Chapisheni nakala moja zaidi, wapige kashe ya kupokea na tarehe, muiweke ninyi. Barua isiyo na kashe hiyo itapotea ofisini bila mtu wa kuulizwa.

SWALI: Kituo chetu cha afya kiliingiza pikapu kwa egzonerasioni. Mjumbe mmoja wa kamati anataka tuiuze kwa mfanyabiashara. Inawezekana?
Katibu wa kamati, Katuba

JIBU: Si kabla ya kuomba ruhusa ya duane na kulipa kodi iliyosamehewa. Gari lilisamehewa kwa ajili ya kazi ya kituo. Likibadilisha matumizi au mwenyewe kimyakimya, hilo ni kosa la forodha, na kituo ndicho kitakachodaiwa. Andikeni pingamizi lenu katika kumbukumbu za kikao, kila mtu atie sahihi.

SWALI: Mtoto ana siku 40. Komine (ofisi ya manispaa) wananiambia kuandikishwa bure ni huruma ya mkubwa, nirudi wiki ijayo.
Baba, Ruashi

JIBU: Ndugu, si huruma. Kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa ni bure kwa sheria, na huhitaji barua ya kuomba. Angalia sana hilo neno "wiki ijayo": siku 90 zikipita itakubidi upate hukumu ya mahakama kwanza, na hapo gharama zinaanza. Rudi kesho asubuhi na cheti cha maternite (wodi ya uzazi) na vitambulisho vya wazazi. Wakikurudisha tena, uliza jina la afisa wa hali ya raia, mwandikie siku hiyohiyo, upigiwe kashe kwenye nakala yako. Siku uzihesabu kuanzia tarehe iliyo kwenye cheti cha maternite, si siku mliyotoka hospitali.