Mrushaji akigeuka kocha: jibu langu kwa mfano wa Mel Stottlemyre

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kuna faida ya kweli ya kumpeleka kijana wako wa miaka 12 kwa kocha wa besiboli aliyewahi kuwa mrushaji wa kulipwa (mrushaji ni mchezaji anayemtupia mpigaji mpira), au inatosha kumwacha kwa yule mwalimu mwenye kamera na kifaa cha kupimia kasi. Wengi walionitangulia wamejibu kwamba mchezaji mzuri si lazima awe mwalimu mzuri. Ni kweli, lakini jibu hilo linaishia njiani. Nimekuwa nikisaidia kufundisha warushaji wadogo katika ligi ya mtaa wetu hapa jimbo la Washington tangu mwanangu wa kwanza aanze kucheza, na nimefanya kazi na makocha wa aina zote mbili. Nilichokiona ni kwamba mrushaji wa zamani humfaa mtoto pale ambapo maisha yake ya uchezaji yalimfundisha kwamba bega lina kikomo, na kwamba mpira unaotoka katika kila mkono una mwendo wake wa asili.

Mfano ninaoutumia kila ninapozungumza na wazazi wenzangu ni Mel Stottlemyre. Alizaliwa Missouri mwaka 1941, akakulia Mabton, mji mdogo wa wakulima katika bonde la Yakima humu humu Washington, na New York Yankees walimsajili akitokea chuo cha Yakima. Walimpandisha timu ya kwanza Agosti 1964, akiwa na miaka 22, wakati timu ikipigania ubingwa wa ligi yake, naye akashinda michezo 9 na kupoteza 3 katika wiki chache zilizobaki za msimu (katika besiboli ushindi au kushindwa kwa timu huandikwa pia kwa jina la mrushaji). Oktoba ile ile alipangwa mara tatu kukabiliana na Bob Gibson, mrushaji wa St. Louis Cardinals, katika fainali, ambayo ni mfululizo wa hadi michezo saba. Alishinda mchezo wa pili, na mchezo wa tano ukaamuliwa baada ya yeye kutoka. Katika mchezo wa saba, ambao aliupoteza, alirusha akiwa amepumzika siku mbili tu. Naomba uikumbuke hiyo siku mbili, kwa sababu leo hakuna kocha wa watoto anayejua kazi yake atakayeiruhusu.

Silaha yake ilikuwa mpira unaozama. Unaondoka mkononi kama mpira wa kawaida wa kasi, kisha unashuka ukikaribia kwa mpigaji, hivyo mpigaji anaugusa sehemu ya juu na kuusukuma ardhini, ambako wachezaji wenzake wanaolinda sehemu ya ndani ya uwanja wanauokota na kumtoa mpigaji. Mrushaji wa namna hii hahitaji kumfanya kila mpigaji akose. Stottlemyre alifikisha ushindi wa michezo 20 au zaidi katika misimu mitatu, 1965, 1968 na 1969, na katikati yake, mwaka 1966, alipoteza michezo 20 katika timu iliyomaliza mkiani. Ninauthamini mwaka huo wa 1966 kuliko wengi wanavyouthamini. Mtu aliyepanda kwenye kilima cha kurushia wiki baada ya wiki huku timu yake ikishindwa ana la kumwambia mtoto aliyetoka uwanjani akilia, na maneno yake yanaaminika kuliko ya mtu anayesoma takwimu kwenye kompyuta.

Halafu bega likakatika. Juni 1974 misuli inayoshikilia bega lake la kulia ilichanika, na katika majira ya kuchipua ya 1975 Yankees wakamwacha, akiwa na miaka 33, ushindi 164, na michezo 152 aliyoianza na kuimaliza mwenyewe. Aliumia sana moyoni kwa namna alivyoachwa, na kwa miaka mingi alikaa mbali na klabu hiyo. Inafaa ujue kwamba katika mwaka huo huo wa 1974 mrushaji mwingine, Tommy John, alikatika ukano wa kiwiko, na daktari Frank Jobe akampandikizia ukano uliotolewa sehemu nyingine ya mwili wake. John alirudi uwanjani mwaka 1976 na baada ya upasuaji huo akashinda michezo mingine 164, idadi ile ile ambayo Stottlemyre alishinda maisha yake yote. Kiwiko kilipata tiba, bega halikupata. Hata leo, wazazi wanaofarijiana kwamba mtoto akiumia atafanyiwa upasuaji na kurudi wanazungumzia kiwiko, na wanasahau kwamba bega lililochanika bado ni jambo gumu mno.

Kama kocha alianza kuonekana mwaka 1984 alipochukuliwa na New York Mets, akamkuta kijana wa miaka 19 aitwaye Dwight Gooden. Mwaka uliofuata Gooden alishinda michezo 24 na kupoteza 4, na mwaka 1986 Mets wakatwaa ubingwa. Hata hivyo wapo waliomlaumu Stottlemyre kwa kujaribu kumwongezea Gooden aina ya tatu ya mrusho, wakisema mpira wake wa kasi na ule wa kupinda vilikuwa vinatosha. Sina uhakika kama lawama hiyo ni ya haki, kwa sababu maisha ya Gooden nje ya uwanja yalikuwa na matatizo mazito ambayo kocha wa warushaji hawezi kuyabeba. Lakini naiona kama swali linalopaswa kuulizwa kwa kila kocha: unamwongezea mtoto kitu kwa sababu anakihitaji, au kwa sababu wewe unakijua?

Jibu la Stottlemyre mwenyewe lilionekana baadaye, alipokubali kurudi Yankees mwaka 1996 kama kocha wa warushaji chini ya kocha mkuu Joe Torre. Mwaka 1997 Mariano Rivera, mrushaji wa Yankees na raia wa Panama, alikuwa akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza kabla ya mchezo, mpira wake wa kasi ukaanza kukata pembeni dakika za mwisho bila yeye kukusudia. Rivera hakuupenda, kwa kuwa hakuweza kuuamuru. Kwa muda yeye, Stottlemyre na mdakaji wa mazoezini (anayeudaka mpira wa mrushaji), Mike Borzello, walifanya kazi ya kuunyoosha, na mpira ukakataa kunyooka. Ndipo wakaamua kuuacha ulivyo na kujifunza kuulenga. Kwa mpira huo mmoja Rivera aliokoa michezo 652, yaani aliingia mwishoni na kulinda ushindi wa timu yake, rekodi ambayo haijavunjwa, na Januari 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli kwa kura zote. Stottlemyre alikuwa amefariki siku chache tu kabla ya matokeo hayo kutangazwa, baada ya kuishi na saratani ya uboho kwa karibu miaka 20.

Ninaamini mtu ambaye maisha yake yote yalitegemea mpira usiokwenda moja kwa moja alikuwa tayari, kuliko wengine, kukubali kwamba mpira wa Rivera haukuwa na kasoro. Jambo hilo ninalikuta katika kiwango chetu cha watoto. Msimu uliopita tulikuwa na kijana ambaye kila mpira wake ulikimbilia upande wa mkono wake, na kocha mwenye vifaa alitaka kumbadilishia mshiko wote. Kocha wetu mzee, aliyewahi kurusha katika ligi ndogo za kulipwa, alimwomba asimame, akautazama mkono wake ukiwa umeshika mpira, akaona kidole cha shahada kikibonyeza mshono kwa nguvu kuliko kile cha kati. Hakugusa kitu. Alimwambia mdakaji asogee nusu hatua upande wa pili, na mipira ikaanza kuingia ndani ya eneo halali la mrusho.

Mzee huyo huyo ndiye anayejua kusoma uchovu. Vifaa vinaonyesha kasi imeshuka, lakini yeye huona kabla ya hapo: kiwiko kinaanza kushuka chini ya usawa wa bega, mipira inapaa juu, na mtoto anazungusha bega baada ya kila mrusho. Anamtoa hata kama hajafikia kikomo cha kuhesabu. Kikomo chenyewe kipo, na inafaa ukijue: mwongozo uliotolewa na ligi kuu ya besiboli ya Marekani pamoja na shirikisho la besiboli la nchi hiyo mwaka 2014 unasema mtoto wa miaka 11 au 12 asizidishe mirusho 85 kwa siku, na akirusha zaidi ya 65 apumzike siku nne.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, nenda mazoezini na ukae karibu na sehemu ya warushaji. Sikiliza kama kocha huyo aliyewahi kurusha kwa kulipwa anahesabu mirusho ya kila mtoto, na kama anauliza walirusha lini mara ya mwisho, ikiwemo katika timu nyingine na nyumbani. Tazama kama anawafundisha wote mrusho mmoja, ule uliompa yeye jina. Mwulize pia mkono wake mwenyewe uliishaje. Akikueleza kwa utulivu na kwa undani, mpeleke kijana. Akianza kukusimulia kwamba alikuwa akirusha na maumivu na kwamba watoto wa siku hizi ni wadhaifu, mwache kwa yule wa kamera, na wewe mwenyewe ununue daftari la kuhesabia mirusho.