Kikombe cha babu yako

Zuhura mwanangu,

Salamu kwanza. Umeniuliza kama maziwa ya moto yanaleta usingizi kweli au ni mazoea yetu tu, maana huko Dodoma zamu za usiku zimekuvuruga.

Niliyofundisha kwenye sayansikimu bado nayakumbuka. Maziwa yana triptofani, mojawapo ya asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, ambayo mwili huigeuza serotonini, kisha melatonini, homoni inayotuambia usiku umeingia. Ila kikombe kimoja kina kama miligramu 100 tu, na waliopima usingizi walitumia gramu nzima na zaidi. Tena triptofani hiyo hugombea njia ya kuingia kwenye ubongo na asidi amino nyingine zilizomo humo humo. Kwa hesabu hiyo ningesema hapana. Lakini maziwa hayataki haraka, mwanangu.

Unakikumbuka kile kikombe cha bati cha babu yako, kilichobanduka rangi mdomoni? Mwaka ule wa mwisho, pale Makorora, usingizi ulimhama. Kila usiku baada ya Isha nilimchemshia maziwa kwa iliki mbili za kuponda, nasimama na upawa mpaka yapande na utando ukunjike. Usiku mmoja nimetoka msibani, nimechoka, nikamimina yaliyobaki ya asubuhi, baridi, nikampa. Akakishika kwa mikono miwili kama kawaida yake, akakaa nacho. Nikamwambia, "Baba, kunywa, ni yale yale." Akasema, "Haya yameshalala, mwanangu," akakiweka chini taratibu. Wala hakukasirika. Usiku kucha nikawa namsikia akijigeuza, kamba za kitanda zinalia.

Na kweli yalikuwa yale yale. Moto hauongezi triptofani. Pengine alikuwa akiungoja ule uvuguvugu viganjani, au harufu ya iliki, au kusikia mtu yuko jikoni kwa ajili yake. Au maumivu yalizidi usiku ule, na hata ningemchemshia asingelala. Hilo nalisema kujitetea, najua.

Basi usinibane niseme ndiyo, na ndiyo yenyewe iko mdomoni. Wewe chemsha, tia iliki, simama hapo hapo bila simu mkononi. Maziwa hayataki haraka. Ukitoka zamu asubuhi, funga mapazia kwanza, maana mwanga huizuia melatonini. Ukiamka, nipigie.

Mama yako