Nyumba yenye ua au fleti mjini?

SWALI: Shangazi, tuna watoto wawili, wa miaka 4 na 7. Mume wangu anataka tuhamie pembezoni mwa mji tupate ua. Mimi nataka tubaki kwenye fleti yetu, ghorofa ya tatu, karibu na shule na kazini. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwanangu, ua ni mzuri, sibishi, hasa kwa huyo mdogo. Lakini muulize mwenzio atakuwa anafika nyumbani saa ngapi. Mtoto wa miaka 4 hulala mapema. Baba aliyekwama kwenye foleni atamkuta keshasinzia, kila siku ya kazi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kubanana kwenyewe si tatizo. Singapore, takriban watu 8 katika kila 10 wanaishi kwenye fleti zilizojengwa na serikali, na chini ya majengo mengi pameachwa wazi, watu wakutane na watoto wacheze.

Ukiwa ghorofa ya tatu, ukimwita mwanao dirishani anakusikia. Sasa chungulia hapo chini. Pakiwa na kiwanja, bakini. Pakiwa na maegesho ya magari tu, mumeo ana hoja nzito, nami niko upande wake.