Muulize Mwalimu: Yule farasi alikufa au hakufa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tulipokuwa tunapanga vitu vya marehemu baba, mimi na dada yangu tulikuta kitabu cha Kiingereza cha farasi mweusi, hakina jalada wala kurasa za mwisho. Baba alikuwa akitusomea usiku huku akitafsiri. Mimi nakumbuka kabisa kwamba farasi anakufa, anapitishwa barabarani juu ya mkokoteni, kichwa kinaning'inia. Dada anasema niliota. Tumewekeana dau la sato wawili wakubwa. Tena tunaomba kujua aliyekiandika, maana baba alizoea kusema, "Yule bwana aliwajua farasi." — Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Nianze na huyo bwana, kwa kuwa hakuwa bwana. Kitabu chenu ni Black Beauty, na aliyekiandika ni mwanamke wa Uingereza, Anna Sewell, mzaliwa wa Great Yarmouth, mwaka 1820. Baba yenu simlaumu. Farasi mwenyewe ndiye anayesimulia tangu mwanzo hadi mwisho, na toleo la kwanza lilimtaja Anna kama mtafsiri tu, eti kakitoa katika lugha ya farasi!

Ila aliwajua kweli, na sababu yake ni miguu. Akiwa na miaka 14 alikuwa anarudi nyumbani kutoka shule, mvua ikamkuta njiani, akateleza akaumia vifundo vya miguu. Havikupona. Tangu hapo kusimama kwa muda kulimshinda, kutembea mbali ndiyo kabisa, akawa mtu wa kigari cha farasi. Ndicho alichompelekea baba yake stesheni ya treni na kumrudishia. Kila alikokwenda, basi, alikwenda kwa miguu ya mnyama, naye akiwa ameshika hatamu mwenyewe, akisikia kila anapochoka na kila anapoogopa.

Kitabu alikiandika kati ya 1871 na 1877 kijijini Old Catton, karibu na Norwich, sehemu kubwa akiwa amelala mgonjwa. Siku mbaya alimtamkia mama yake, Mary, ambaye naye alikuwa mwandishi. Siku zenye nafuu aliandika kwa penseli kwenye vipande vya karatasi, mama akanakili vizuri. Kilitoka Novemba 1877. Aprili 1878 Anna akafariki, na hakuacha riwaya nyingine. Wala hakuwalenga watoto! Aliwakusudia watunza farasi na waendesha magari ya farasi, wawatendee wanyama wao kwa huruma.

Hapo nina ushahidi wangu, uko kwenye goti la kushoto. Mwaka 1976, nikiwa kidato cha pili hapa Mwanza, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na nakala moja tu ya kitabu hiki. Alisoma sentensi, akaitafsiri, sisi arobaini tukasikiliza. Hakuna aliyekuwa amemwona farasi. Usukumani tunajua maksai na punda. Farasi na ndorobo hawapatani. Mimi nilimchora kichwani kama punda aliyeoga.

Tukafika kwenye ile kamba fupi inayotoka kwenye lijamu mdomoni hadi mgongoni, ya kumlazimisha farasi ainue shingo muda wote ili matajiri waonekane wana farasi wenye maringo. Mmoja wetu akauliza, sasa inaumiza nini? Mwalimu hakujibu. Aliniita mbele, akanifunga leso kidevuni akaivutia nyuma, akaikaza kwenye mkanda wangu, macho yakawa yanaangalia mawingu. Akatutoa nje. Nyuma ya darasa kulikuwa na kilima cha mawe, na Mwanza mawe mnayajua. "Panda," akasema. Nilipiga hatua nne, sikuona ninapokanyaga, nikaanguka na goti. Mwalimu akanifungua, akawauliza wenzangu: na kama nyuma yake angekuwa anavuta gari lenye watu wanne? Leo mwalimu angeitwa ofisini, na pengine ni haki. Lakini kamba ile sijaisahau miaka yote hii. Inasimuliwa kuwa siku ya maziko ya Anna, mama yake alipoona farasi wa msafara wamefungwa kamba hizo, aliagiza zifunguliwe zote.

Sasa sato. Hukuota, mwanangu. Mkokoteni upo, katika sura ya 40, mjini London. Black Beauty, ambaye wakati huo anavuta gari la kukodi, anaona farasi mfu akipitishwa, mwekundu, shingo ndefu nyembamba. Anaamini ni Ginger, yule jike mkali waliyeishi naye zamani kwa raha. Hana hakika. Anatamani awe ndiye, ili mateso yake yawe yamekwisha. Nakiri kwamba mwalimu wetu alipofika hapo alifunga kitabu akatoka nje, tukabaki tumekaa kimya.

Ila kitabu kina sura 49. Black Beauty anaendelea kuuzwa na kuteswa, kisha ananunuliwa na mkulima mzee mwenye mjukuu, na mwishoni anatunzwa na kijana aliyemjua tangu zamani, Joe Green, anayemtambua kwa nyota nyeupe ya kwenye paji na mguu mmoja mweupe. Anamaliza kitabu akiwa hai. Nadhani wewe ulisinzia sura ya 40, dada yako akabaki macho na baba.

Kwa hiyo sato ni wa dada. Na kitabu msikitupe. Haki za uandishi zilikwisha zamani, kwa hiyo sura zote ziko bure kwenye intaneti. Nendeni kwa mwenye mashine ya kuchapa hapo Nansio, awachapie zilizopungua, mzishone humo humo nyuma kwa uzi wa nyavu.