Ulipie chuo cha picha au ujifundishe mwenyewe?

Mkuu, umeuliza kama akiba yako uilipie kozi ya upigaji picha au ununue vifaa ujifundishie nyumbani. Mimi nilianza kwa kujifundisha, baadaye nikasoma kozi, na leo naendesha familia kwa picha za harusi na send-off hapa Dar.

Kamera yenyewe jifundishe. Iweke kwenye M, yaani kila kitu unapanga mwenyewe, toka na lenzi moja ya 50mm. Jua la saa sita, anza na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/16 (upana wa tundu la lenzi; namba ikishuka, tundu linapanuka), shata 1/125 (sehemu ya sekunde ambayo mwanga unaingia). Kisha fungua tundu hadi f/8, uone kwa nini shata lazima ipande hadi 1/500. Kwa hilo huhitaji kumlipa mtu.

Mwanga ndio uliohitaji mwalimu. Kwenye kozi tulipewa yai jeupe, karatasi nyeupe na taa moja: lipige yai lionekane duara lake, lisipotelee kwenye karatasi. Kila tukisogeza taa, mwalimu anauliza kivuli kimehamia wapi, na kwa nini ukingo wake umelainika. Video za mtandaoni zilinionyesha picha nzuri za wengine. Hakuna iliyoiangalia yangu ikaniambia imeharibikia wapi.

Yai lile nakutana nalo kila wikendi ukumbini. Kipima mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, kwa hiyo gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inapunguza mwanga na uso wa bibi harusi unazama. Ongeza +1 kwenye kitufe cha +/- cha kamera, yaani mwanga mara mbili. Au picha ya ukoo mzima: flashi ikiwa mita 1 kutoka mstari wa mbele, aliye mita 2 anapata robo tu ya mwanga ule, si nusu. Irudishe nyuma, mashangazi wa mbele wasiungue na wajomba wa nyuma wasiwe giza.

Kuna wadau hapa wamemtaja Mohamed Amin, mpigapicha wa habari kutoka Kenya, kama ushahidi kwamba chuo si lazima. Ni kweli alijifunza mwenyewe, akaanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, hapa hapa Dar mwaka 1963, na picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliitikisa dunia. Lakini aliuzia magazeti picha tangu kijana, na mhariri anayekataa picha yako ni mwalimu mkali.

Kwa hiyo kabla hujalipa, nenda chuoni uulize: studio ina taa ngapi kwa wanafunzi wangapi, na nani anakosoa picha zenu kila wiki? Wakikujibu kwa habari za noti za darasani na mitihani, nunua flashi, kisha umwombe mpigapicha anayefanya kazi akuchukue umbebee taa, akuruhusu kumwonyesha picha zako.

Kuhusu cheti: wenye harusi hawajawahi kuniuliza, wanataka kuona albamu. Ukilenga ajira ya ofisini, soma matangazo ya kazi kwanza, maana mengi yanakidai.