Gari linachemsha kwenye foleni: usikubali themostati itolewe

Ndugu yangu, umeeleza kwamba Corolla yako ya injini ya 5A-FE inachemsha ukiwa kwenye foleni za Dar es Salaam, lakini ukishatoka nje ya mji mshale wa joto hushuka wenyewe, na kwamba fundi amekushauri aiondoe themostati, yaani vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji ya injini yaende kwenye rejeta, ili maji yapite bila kizuizi. Nakuomba usikubali. Ushauri huo niliwahi kuupokea mimi mwenyewe, kwa gari la aina hiyohiyo, na ulinigharimu silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda.

Baada ya themostati yangu kutolewa niliridhika kwa wiki kadhaa, kwa kuwa asubuhi mshale haukufika hata katikati. Sikutambua kwamba injini ilikuwa ikifanya kazi ingali baridi, na kwamba ndiyo sababu mafuta yalikuwa yakiisha haraka kuliko awali. Kisha nikasafiri kwenda Iringa. Katika mlima wa Kitonga, nyuma ya malori yaliyokuwa yakipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mshale ulifika kwenye alama nyekundu, nami kwa kuona nimebakiza kona chache nikalazimisha kufika juu. Hedi ya alumini haivumilii jambo hilo. Ilipinda, gasketi inayoziba kati yake na bloku ya injini ikaungua, maji yakaingia kwenye oili nayo ikageuka rangi ya chai ya maziwa.

Themostati hufunguka injini inapofika nyuzi 82 hivi za Selsiasi, na katika injini nyingi za Toyota ina kazi ya pili ambayo mafundi wengi huisahau: upande wake wa ndani kuna kisahani kinachoziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kuyapitisha kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka pasipo kupozwa, hasa pale unapoihitaji rejeta kwa nguvu zake zote. Ukiishuku, itumbukize kwenye sufuria ya maji juu ya jiko pamoja na kipimajoto. Maji yakifika nyuzi 95 inapaswa iwe imefunguka kwa milimita 8 au zaidi. Isipofunguka, nunua nyingine.

Hata hivyo, dalili zako zinaelekeza kwenye feni. Gari likiwa kasi, upepo wa barabarani huipoza rejeta wenyewe. Likisimama, au likipanda mlima polepole, rejeta hutegemea feni peke yake. Katika injini hizi, chomoa soketi ya swichi ya joto ya feni, kisha washa swichi ya gari: feni inatakiwa izunguke hapo hapo, lakini weka mikono mbali. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha feni), kisha mota yenyewe. Ikizunguka kwa unyonge, usiseme kwamba ni nzima, kwani mota yangu ilikuwa hivyo, kaboni zake zinazopeleka umeme ndani ya mota zikiwa zimelika, na kila aliyeitazama aliona feni inazunguka akapita.

Usidharau pia kifuniko cha rejeta. Kile kilichoandikwa 0.9, yaani kipimo cha shinikizo lake, huyabana maji kiasi kwamba hayachemki hadi yapite nyuzi 115, lakini mpira wake ukikakamaa maji humwagika mapema, nawe utadhani injini ndiyo mbovu. Usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto. Kuhusu maji ya bomba, sitasema mengi: yana chumvi na huleta kutu, basi tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyotoneshwa (yaliyoondolewa chumvi).

Utakaporudisha themostati, kivalvu kidogo cha kutoa hewa kielekee juu, kisha jaza rejeta taratibu, washa injini kifuniko kikiwa wazi, ongeza kila maji yanaposhuka, na subiri mpaka hozi ya chini ya rejeta ipate moto na feni ijiwashe mara mbili kabla ya kufunga. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa imepoa kabisa, angalia tena kimo cha maji. Kikiwa kimepungua kidogo, hiyo ni hewa iliyokuwa imebaki ndani. Kikiendelea kupungua kila asubuhi na huoni tone chini ya gari, basi gasketi ipimwe kabla hujasafiri tena.