Usimfunike mzee blanketi

Pole sana, dada. Umeuliza kama umfunike baba, kwa sababu tangu moyo wake urudishwe juzi amelazwa juu ya godoro la maji baridi, na mikono imekuwa kama barafu. Usimfunike. Moyo ukisimama ubongo hukosa oksijeni, na seli zake huendelea kuumia hata damu ikisharudi. Homa huzidisha madhara hayo.

Tangu tafiti za Ulaya na Australia za 2002, wagonjwa wasiozinduka walipozwa hadi nyuzi 32 mpaka 34. Utafiti mkubwa wa 2021 haukuona nyuzi 33 zikiokoa wengi zaidi kuliko kuzuia homa tu, ndiyo maana hospitali zinatofautiana. Muulize daktari wanalenga nyuzi ngapi.

Ukiona taya au mabega yanatetemeka, mwite muuguzi hapo hapo. Kutetemeka hupandisha joto, na dawa zipo. Dawa za usingizi nazo humfanya aonekane hayupo kabisa, kwa hiyo msikate tamaa mapema: madaktari husubiri angalau saa 72 kabla ya kusema hali ya ubongo itakuwaje. Mkono wake mshike tu, na uzungumze naye.